Mashine ya kupima mapenzi

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo kina dada wengi hulilalamikia na kina kaka wengi hulikwepa: gemu. Nasema gemu za kwenye simu, za kwenye kompyuta, za pleisteshen, zile ambazo mtu akianza saa mbili usiku anakuja kulala saa saba, macho mekundu kama mtu aliyetoka kukaanga pilipili.

Leo nawalenga hasa nyinyi mlioko Newala na Masasi, vijana wa kazi mliopangiwa huko: walimu, wauguzi, maofisa kilimo, watu wa benki na wa halmashauri. Mji wenu ni mzuri. Ukisimama pale Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na ng'ambo yake Msumbiji. Asubuhi ukungu, usiku kibaridi cha kuombea blanketi. Lakini ikifika saa moja jioni swali ni lile lile: tufanye nini? Sinema hakuna, ufukwe hakuna, baa ni zile zile na sura ni zile zile. Hapo ndipo mmoja anachukua simu yake, na mwingine anachukua ya kwake. Kitanda kimoja, watu wawili, vioo viwili.

Usidharau jambo hili. Nyumba nyingi hufa hivyo, kimya kimya, bila fumanizi wala ugomvi. Siku mmoja anafungasha begi, majirani wanashangaa, maana hawakuwahi kusikia hata sahani ikivunjika.

Kabla hujaitumbukiza simu ya mwenzio kwenye pipa la maji (na najua maji ya Newala yalivyo ya thamani, huwezi kuthubutu), twende kwanza tukaangalie gemu hizi zilikotoka. Zina historia, na ndani yake limo somo la mapenzi ambalo sikulitarajia.

FUNDI ALIYEKOSA KAZI YA KUFANYA

Kampuni inaitwa Nintendo, ya mji wa Kyoto, Japani. Wengi hudhani ilizaliwa na gemu za kwenye runinga. Hapana. Ilianzishwa mwaka 1889 na mzee Fusajiro Yamauchi, ikitengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua. Mwaka 1949 kitukuu wake, Hiroshi Yamauchi, alishika uongozi akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, na bado chakula cha kampuni kilikuwa karata.

Mwaka 1965 wakamwajiri kijana mmoja, Gunpei Yokoi, aliyesomea mambo ya umeme. Kazi aliyopewa ilikuwa kutunza mashine za kutengenezea karata. Sasa mashine zikiwa nzima, fundi anafanya nini? Wewe uliyewahi kukaa ofisini siku nzima ukisubiri faili lisilofika unaelewa. Yokoi akaanza kuchezea vifaa vya kazini. Akaunda mkono wa kuchezea, vipande vimepishana kama mkasi, ukibana huku unarefuka kule na kunyakua kitu kilicho mbali.

Bosi akamwona. Yokoi alipoitwa ofisini alijua anakwenda kukemewa. Badala yake akaambiwa akitengeneze kitu kile vizuri ili kiuzwe. Mwaka 1966 kikaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, na vikauzwa zaidi ya milioni moja. Yokoi akaondolewa kwenye ufundi wa mashine na kupewa kazi ya kubuni vitu vya kuchezea. Hiyo ndiyo mbegu. Miaka ya 1970 wabunifu wa Nintendo walipoongezeka na kugawanywa katika idara, idara ya Yokoi ikajulikana kama R&D1, yaani idara ya kwanza ya utafiti na ubunifu. Shika jina hilo.

SABABU YA KUSHIKANA MIKONO

Hapa ndipo panapotuhusu. Mwaka 1969 Yokoi alitoa kitu kinachoitwa Love Tester, mashine ya kupima mapenzi. Ilikuwa kijisanduku kidogo chenye mshale, na nyaya mbili zenye vyuma vya mviringo mwishoni. Mwanamume anashika chuma kimoja, mwanamke anashika kingine, halafu mikono yao iliyobaki wanashikana. Umeme mdogo mno, usioumiza, unapita kwa huyu na kwenda kwa yule. Mshale unapanda na kuonyesha mnapendana kiasi gani.

Bila shaka umeshagundua ujanja. Mashine ile haikupima mapenzi hata kidogo. Ilipima jinsi umeme unavyopita mwilini. Viganja vikilowa jasho, umeme unapita vizuri zaidi na mshale unapanda. Na viganja hulowa lini? Ukimshika mkono mtu anayekupagawisha!

Yokoi mwenyewe hakuficha nia yake. Alieleza kwamba alitaka kupata kisingizio cha kushika mikono ya wasichana, na kwamba kilimsaidia sana. Japani ya wakati ule kijana na binti kushikana mikono hadharani halikuwa jambo la kawaida. Naona wa Newala unatabasamu, maana hata kwenu mume na mke wakipita sokoni wameshikana mikono watu watageuza shingo, wakati wanaume wawili marafiki wakishikana mikono hakuna anayeshangaa.

Chukua hilo kwanza. Wapenzi wengi hawajaishiwa mapenzi, wameishiwa visingizio. Mkiwa wachumba kila kitu kilikuwa kisingizio: kusindikizana kituoni, kurudisha kitabu, kuazima chaja. Mkishaoana mnadhani visingizio havihitajiki tena, kwa kuwa mtu yumo ndani. Matokeo yake inapita wiki nzima hamjagusana mikono, mnapishana tu mlangoni kama wapangaji.

TEKNOLOJIA ILIYONYAUKA

Sasa tuitazame idara yenyewe ilivyofanya kazi, maana iliishi kwa falsafa moja ambayo Yokoi aliieleza vizuri. Aliiita kufikiri kwa upande kwa kutumia teknolojia iliyonyauka. Maana yake: usikimbilie kitu kipya kabisa, cha gharama, ambacho hata wewe hujakijua vizuri. Chukua kitu kilichozoeleka, cha bei rahisi, ambacho kila mtu amekichoka, kisha kipe kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Wahenga wetu walishalisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mfano wa kwanza ni kalkuleta. Miaka ya 1970 makampuni ya Japani yalishindana kwa bei mpaka vioo vya kalkuleta vikawa vya kumwaga. Yokoi akiwa kwenye treni alimwona abiria mmoja akibonyeza kalkuleta yake kwa kuboreka tu, apitishe muda. Akawaza: kwa nini kisiwepo kitu kidogo cha kuchezea, mtu mzima akishike mapajani bila kuona aibu? Mwaka 1980 idara yake ikatoa Game & Watch, gemu ndogo ya mkononi yenye saa ndani yake, iliyotumia kioo kile kile cha kalkuleta. Mpaka zinaachwa kutengenezwa mwaka 1991 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 43.

Tena katika mojawapo ya gemu hizo, ya mwaka 1982, Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba cha kumwelekeza mchezaji juu, chini, kushoto na kulia. Shika pedi ya gemu yoyote leo, angalia upande wa kidole gumba cha kushoto. Karibu zote zina mtoto au mjukuu wa kitufe kile.

Mfano wa pili ni Mario, yule jamaa mwenye sharubu anayejulikana mpaka vichochoroni. Mwaka 1981 Nintendo ilikuwa na mashine za gemu zilizododa Marekani. Kazi ya kuziokoa akapewa kijana Shigeru Miyamoto, aliyeajiriwa mwaka 1977 akiwa mchoraji na si mhandisi, na Yokoi akawekwa kumsimamia. Ikatoka Donkey Kong. Unajua kwa nini Mario ana sharubu na kofia? Vidoti vya kuchorea vilikuwa vichache mno. Mdomo haukuchoreka vizuri, akawekewa sharubu chini ya pua. Nywele zilikuwa taabu, akavishwa kofia. Uhaba ndio uliompa sura.

Nawaona nyinyi mliooana juzi na mshahara mmoja. Mnaona haya kwamba hamna sofa. Msione haya. Sura ya ndoa yenu inachorwa sasa hivi, kwa vidoti mlivyonavyo.

BETRI NNE DHIDI YA SITA

Mfano wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Mwaka 1989 R&D1 ilitoa Game Boy, gemu ya mkononi inayobadilishwa kaseti. Kioo chake kilikuwa cha rangi moja, cha kijanikijani, bila taa. Ilitumia betri nne ndogo, kama zile za saa ya ukutani, na zilidumu saa nyingi. Mwaka uliofuata wapinzani wao, Sega, wakaja na Game Gear: kioo cha rangi, kinang'aa, kizuri kukitazama. Lakini ilikula betri sita, na baada ya saa chache zimekwisha.

Mtu wa Newala hahitaji kuambiwa nani alishinda. Anayejua maisha ya tochi na redio ya betri, anayejua umeme ukikatika hauagi, anajua kwamba kitu kizuri kinachozima kila baada ya muda mfupi ni mzigo. Game Boy, ukijumlisha na toleo lake la rangi lililokuja mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear haikufika hata robo ya hapo.

Kuna jambo lilitokea ndani ya idara ambalo nataka kina baba walisikie. Game Boy kama tunavyoijua haikuwa wazo la Yokoi peke yake. Yeye alitaka kitu chepesi, kama Game & Watch iliyoendelezwa kidogo. Msaidizi wake, Satoru Okada, alitaka mashine imara zaidi, itakayodumu miaka na kupokea gemu mpya kila mara. Okada ameeleza baadaye kwamba walibishana sana, mpaka Yokoi akakubali na kumwachia afanye kwa namna yake. Mkuu wa idara, mtu mwenye jina, alimpisha mdogo wake. Dunia inamsifu Yokoi kwa Game Boy, na sehemu ya sifa hiyo ni kwamba alijua kunyamaza. Wangapi kati yetu tungeweza? Wengi tunasema "mimi ndiye mwenye nyumba" hata pale tunapojua mke ndiye mwenye wazo.

SANDUKU LA KUZAMISHA USO

Haya, tufike mahali penye uchungu. Mwaka 1995 idara ile ile, chini ya Yokoi yule yule, ilitoa Virtual Boy. Kilikuwa kisanduku kilichowekwa juu ya meza, kwenye miguu. Mchezaji aliinama na kuzamisha uso ndani, akaona picha nyekundu kwenye giza jeusi, zikiwa na kina kama vile unaweza kuzishika. Watu walilalamika kuumwa macho, kichwa na shingo. Mashine zilizouzwa duniani hazikufika milioni moja, na Japani ilidumu sokoni miezi michache tu.

Wataalamu wametaja sababu nyingi za kuanguka kwake: bei, ile rangi nyekundu, uzinduzi wa haraka haraka. Mimi naomba uiangalie kwa jicho la safu hii. Aliyezamisha uso mle ndani hakumwona mtu mwingine. Aliyekaa pembeni hakuona kinachochezwa, hakuweza kucheka wala kushangilia. Kulikuwa na tundu la kuunganishia waya ili wacheze watu wawili, lakini waya wenyewe haukuwahi kuuzwa.

Soma tena hapo. Mtu aliyeanza na mashine isiyofanya kazi mpaka watu wawili washikane mikono, akafikia mashine inayomfungia mtu mmoja gizani. Tundu la mwenzake lipo, waya haupo.

Hiyo ndiyo simu ya mumeo saa sita usiku. Na dada, hiyo pia ni simu yako ukiwa kwenye magrupu ya harusi na vikoba mpaka unasahau kuuliza mwenzio amekula. Ubaya hauko kwenye gemu. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, Famicom, ilitoka kiwandani ikiwa na pedi mbili zilizofungwa humo humo, za kwanza na za pili. Waliotengeneza waliamini kwamba aliye peke yake atapata mwenzake. Game Boy nayo ilikuwa na waya wa kuunganisha watu wawili, na huo uliuzwa. Swali la kumuuliza mwenza wako lisiwe "kwa nini unacheza?" Muulize "pedi yangu iko wapi?"

BAADA YA HAPO

Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996 baada ya zaidi ya miaka 30. Wengi walisema aliondoka kwa aibu ya Virtual Boy, lakini yeye alieleza kuwa alikuwa na mpango wa kujitegemea tangu zamani. Akafungua kampuni yake, Koto, akaanza kubuni gemu nyingine ya mkononi. Tarehe 4 Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya barabarani, akiwa na miaka 56. Gemu aliyoisaidia kubuni, WonderSwan ya kampuni ya Bandai, ilitoka mwaka 1999. Ilitumia betri ngapi? Moja! Mzee alikufa hajaiacha falsafa yake.

Idara nayo iliendelea bila yeye. Mwaka 2003 ilitoa WarioWare, gemu iliyojaa vijigemu vya sekunde chache chache, ya kucheka na wenzako sebuleni. Mwaka uliofuata Nintendo ilianza kupanga upya idara zake, R&D1 ikavunjwa na watu wake wakapelekwa idara nyingine. Mwaka 2015 idara kubwa za ubunifu wa gemu ziliunganishwa kuwa moja, inayoitwa EPD. Jina R&D1 halipo tena, lakini namna yake ya kufikiri imebaki.

Na usidhani ni mambo ya Wajapani tu. Mwaka 2007 kijana wa Nairobi, Wesley Kirinya, alitoa gemu ya kompyuta iitwayo The Adventures of Nyangi, yenye shujaa wa kike wa Kiafrika, kwa kujifunza mwenyewe na kwa vifaa alivyokuwa navyo. Baadaye, mwaka 2009, akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Nao walianza na walichonacho.

SASA UFANYE NINI

Najua wapo watakaosema: maneno mazuri, lakini ndoa yangu itapona nikipata uhamisho wa Dar. Wengine wanasubiri msimu wa korosho, malipo ya mnada yaingie, wanunue runinga kubwa, pikipiki, simu mpya. Na nyote mnajua, mshiko wa korosho ukiingia wapo wanaume wanaoona hata mke amepitwa na wakati, wanaanza kutafuta toleo jipya. Huo ndio msala upitao. Kinang'aa, kina rangi, na kinakula betri sita.

Fanyeni kama idara ile. Kaeni mtazame vitu vilivyonyauka humo ndani, vile mlivyovizoea mpaka hamvioni, mvipe kazi mpya. Bao liko barazani linachezwa na wazee: mashimo 32, kete 64, watu wawili uso kwa uso. Azimeni, mfundishane, atakayeshindwa ateke maji au aoshe vyombo. Umeme ukikatika msiwashe tochi mbili, washeni moja na mwende pamoja. Siku ya Jumapili tembeeni mpaka ukingoni jua likizama upande wa bonde. Njia ina mawe, mshike mkono asianguke. Nani atageuza shingo? Unamsaidia mkeo kupita kwenye mawe! Kisingizio kimepatikana.

Na kama gemu ndiyo inayompendeza, mwambie, "Mume wangu, leo nifundishe." Utafungwa mara kumi. Cheka. Mwezi wa pili atakuwa anakuogopa. Na wewe kaka, mkeo akisema hivyo usimkatishe tamaa kwa kumwona anachelewa kubonyeza. Mpishe, kama Yokoi alivyompisha Okada.

Nitoe tahadhari moja. Haya nawaambia wale ambao upendo upo ila umefunikwa na mazoea. Kama ndani kuna kipigo, au mtu anatumia gemu na simu kuficha jambo zito, bao halitatibu. Hapo tafuteni watu wazima mnaowaamini, au ofisi ya ustawi wa jamii, mapema.

Waliobaki, jaribuni usiku wa leo jaribio la mwaka 1969. Simu mbili mezani, zimelazwa kifudifudi. Mikono miwili, mmoja wako na mmoja wake. Mashine hamna, na haihitajiki. Kiganja kikilowa jasho, jibu mmelipata. Kikiwa kikavu, msiogope, endeleeni kushikana tu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.